Ikiwa C[0, 1] inabeba kila nafasi tenganifu ya metriki, nafasi ya Urysohn inaongeza nini?

Mwanafunzi_Chiromo aliuliza:

Nawasalimu nyote. Ninasomea shahada ya uzamili ya hisabati hapa Nairobi, na kwa sasa nimeshughulika na sura ya topolojia ya jumla inayohusu nafasi za metriki zilizo jumuishi, yaani zile ambazo ndani yake kila nafasi ya tabaka fulani ina nakala iliyohifadhi umbali wote bila kuuongeza wala kuupunguza. Tabaka ninalolizungumzia ni la nafasi tenganifu, zenye seti ndogo inayohesabika ambayo vipengele vyake vinaikaribia kila nukta kadiri mtu atakavyo.

Hatua ya kwanza naielewa. Mwaka 1910 Maurice Fréchet, yule yule aliyeanzisha dhana ya umbali wa kidhahania katika tasnifu yake ya 1906, alionyesha kwamba kila nafasi tenganifu inaweza kupachikwa ndani ya ℓ∞, nafasi ya mifuatano yote ya nambari halisi iliyo na mipaka. Unachagua nukta x0, x1, x2 na kuendelea, zinazoikaribia kila nukta ya nafasi yako, kisha nukta x unaipeleka kwenye mfuatano wa nambari d(x, xn) − d(x0, xn). Kanuni ya pembetatu inahakikisha kwamba nambari hizo hazivuki d(x, x0) na kwamba umbali baina ya nukta haubadiliki. Kasoro yake ni kuwa ℓ∞ yenyewe si tenganifu: mifuatano ya 0 na 1 pekee haihesabiki kwa wingi wake, na yoyote miwili iliyo tofauti iko umbali wa 1. Kwa hiyo nafasi inayobeba imetoka nje ya tabaka la nafasi zinazobebwa.

Hatua ya pili inaiondoa kasoro hiyo. Banach na Mazur walithibitisha kuwa C[0, 1], nafasi ya funksheni endelevu kwenye kipande cha kutoka 0 hadi 1, ambamo umbali wa funksheni mbili ni tofauti yao iliyo kubwa kabisa, inabeba kila nafasi tenganifu ya metriki. Theoremu hiyo imo katika kitabu cha Banach cha 1932. C[0, 1] ni tenganifu, ni kamilifu kwa maana kwamba kila mfuatano wa Cauchy una nukta unayoifikia, na kila mwanafunzi wa uchanganuzi ameizoea.

Hata hivyo Pavel Urysohn alikuwa amejenga nafasi nyingine, inayoandikwa U, miaka kadhaa kabla ya kitabu hicho, na mpaka leo ni U inayoendelea kuandikiwa makala. Ikiwa lengo ni kubeba kila nafasi tenganifu, C[0, 1] inalitimiza kwa njia inayoshikika zaidi. Basi U inaongeza nini? Ninafahamu kwamba jibu linahusu isometria, yaani upelekaji wa nukta unaohifadhi umbali wote, lakini sijaona mahali panapoonyesha waziwazi ni isometria ipi inayoshindikana ndani ya C[0, 1] na kufaulu ndani ya U. Ningependa pia kujua uwezo huo wa U unafika wapi: je, isometria baina ya seti ndogo zozote mbili hupanuka hadi nafasi nzima, au kuna mpaka?

Mwalimu_wa_Topolojia alijibu:

Karibu, mwanangu. Sehemu ya kwanza ya swali lako inajibiwa kwa funksheni nne tu, na ninakuomba ushike kalamu uzihesabu mwenyewe.

Chukua ndani ya C[0, 1] funksheni 0, funksheni 2t na funksheni t. Umbali wa 0 na 2t ni 2, na t iko umbali wa 1 kutoka kwa kila moja ya hizo mbili. Sasa iondoe t na uweke mahali pake funksheni thabiti ambayo thamani yake ni 1 kila mahali. Umbali wake kutoka 0 ni 1; na tofauti yake na 2t ni |2t − 1|, ambayo kwenye kipande chetu haizidi 1 na inaifikia 1 kwenye ncha zote mbili. Kwa hiyo nukta tatu 0, 2t, t na nukta tatu 0, 2t, 1 zina umbali ule ule, jozi kwa jozi. Je, iko isometria ya C[0, 1] nzima inayoiacha 0 mahali pake, inayoiacha 2t mahali pake, na kuipeleka t kwenye 1? Haipo. Theoremu ya Mazur na Ulam ya 1932 inasema kwamba kila isometria inayofunika nafasi nzima ya Banach ya nambari halisi (nafasi ya mstari iliyo kamilifu na yenye kipimo cha urefu, kama C[0, 1]) ni badiliko la mstari likifuatwa na uhamisho, na badiliko la namna hiyo huhifadhi nukta za katikati. Linaloacha 0 na 2t mahali pake halina budi kuiacha t nayo mahali pake.

Angalia jambo hilo lina uzito gani. Ukiwa na umbali peke yake, huwezi kuitofautisha t na 1 kwa kuzitazama kutoka 0 na 2t. Lakini nafasi nzima inazitofautisha, kwa sababu C[0, 1] imebeba muundo wa mstari ambao hatukuuomba. Ni nafasi yenye mapendeleo. U haina mapendeleo hata chembe: isometria yoyote baina ya seti zake mbili zenye kikomo, yaani zenye idadi ya nukta iliyo na mwisho, hupanuka na kuwa isometria ya U nzima juu ya U nzima. Urysohn alithibitisha kwamba nafasi kamilifu, tenganifu, jumuishi na yenye sifa hiyo ya upanuzi ipo, tena ni moja tu, kwa maana kwamba zozote mbili za namna hiyo zina isometria baina yao.

Upekee huo ndio unaonifanya nisikubaliane na wanaoiona U kama nyongeza ya anasa. Ujumuishi peke yake ni sifa rahisi mno, kwa sababu ukiichukua nafasi jumuishi na kuiongezea chochote kilicho tenganifu, bado itakuwa jumuishi. Nafasi za namna hiyo hazina idadi, na hakuna sababu ya kihisabati ya kuichagua moja badala ya nyingine zaidi ya mazoea yetu. Ukidai pamoja na ujumuishi kwamba isometria za seti zenye kikomo zipanuke, uchaguzi unakwisha, inabaki nafasi moja.

Kuhusu historia nitasema kwa ufupi. Swali la kuwepo kwa nafasi tenganifu iliyo jumuishi lilitoka kwa Fréchet, na Urysohn alilijibu katika majira ya kiangazi ya 1924 akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 17 Agosti mwaka huo huo alikufa maji alipokuwa akiogelea baharini huko Batz, kwenye pwani ya Bretagne nchini Ufaransa, akiwa safarini pamoja na rafiki yake Pavel Aleksandrov. Taarifa fupi ya kazi hiyo ilichapishwa 1925 na makala kamili 1927, zote baada ya kifo chake. Ninasikitika kila ninapoifundisha, kwa kuwa makala hiyo inaonyesha mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza.

Sasa tuingie ndani ya sifa yenyewe, kwani usipoishika hii hutaelewa kitu kingine chochote kuhusu U. Chukua seti yenye kikomo F ndani ya U, na kila nukta x ya F uipe nambari chanya f(x), kwa sharti kwamba kwa x na y zozote ndani ya F,

|f(x) − f(y)| ≤ d(x, y) ≤ f(x) + f(y).

Basi ndani ya U ipo nukta z ambayo d(z, x) = f(x) kwa kila x ya F. Masharti hayo mawili ni kanuni ya pembetatu tu, iliyoandikwa kwa ajili ya nukta ambayo bado hatujaiona. Kwa maneno mengine, kila nukta mpya ambayo kanuni za umbali haziikatazi tayari imo ndani ya U.

Kuona jinsi dai hilo lilivyo kubwa, fikiria mitaa mitatu ya Nairobi, mmoja kando ya Barabara ya Thika, mwingine kando ya Barabara ya Ngong na wa tatu kando ya Barabara ya Jogoo, na tuseme kila mmoja uko kilomita 10 kutoka katikati ya jiji na kwamba anayetoka mtaa mmoja kwenda mwingine hupanda matatu hadi mjini kisha akapanda nyingine. Umbali wa safari baina ya mitaa yoyote miwili ni kilomita 20, na katikati ya jiji ni nukta iliyo umbali wa 10 kutoka kwa zote tatu. Masharti yametimia, kwa sababu 20 si zaidi ya 10 + 10. Lakini nukta hizo nne hazitoshei ndani ya nafasi ya Eukleidi yenye vipimo vyovyote, wala ndani ya nafasi ya Hilbert, kwa kuwa huko kila jozi ya nukta ina nukta moja tu ya katikati: mji ungekuwa katikati ya mtaa wa kwanza na wa pili, na pia katikati ya wa kwanza na wa tatu, hivyo mtaa wa pili na wa tatu zingekuwa nukta moja. Ndani ya U nukta hizo zimo, na mji wenyewe unaweza kuchaguliwa kwa njia zisizo na kikomo, kwa kuwa unaweza kudai nukta nyingine yenye umbali ule ule wa 10 kutoka kwa mitaa yote mitatu na umbali wowote usiozidi 20 kutoka kwa ule mji wa kwanza.

Kutoka sifa hii upanuzi wa isometria unapatikana kwa kupokezana zamu. Una isometria φ kutoka F hadi F′. Chukua nukta u isiyo ndani ya F. Umbali wake kutoka nukta za F unaupeleka kwenye F′ kupitia φ, masharti yanatimia, kwa hiyo ipo z yenye umbali huo huo, nawe unaipeleka u kwenye z. Zamu inayofuata unaanzia upande wa F′ na kutafuta nukta upande wa F, ili mwishowe usiache nukta yoyote bila mwenzake. Ukizipitia kwa zamu nukta za seti inayohesabika inayoikaribia U yote, kisha ukatumia ukamilifu, isometria imekamilika. Hoja hiyo hiyo, ukiianza na nafasi mbili tofauti zenye sifa hii, inatoa upekee. Na ukiifanya kwa upande mmoja tu, ukianza na nafasi yoyote tenganifu, inatoa ujumuishi.

Binti_wa_Pangani alijibu:

Shikamoo, Mwalimu, na pole kwa masomo, ndugu muulizaji. Ningependa kuongeza habari za ujenzi, kwa sababu ujenzi wa Miroslav Katětov, uliochapishwa 1988, unaonyesha kitu ambacho ujenzi wa Urysohn mwenyewe hauonyeshi kwa urahisi, yaani jinsi isometria za nafasi ndogo zinavyobebwa zote pamoja hadi U.

Anza na nafasi yoyote tenganifu X. Funksheni f kwenye X inayotimiza masharti mawili aliyoyaandika Mwalimu huitwa funksheni ya Katětov, na kila moja ni nukta ambayo X ingeweza kuongezewa. Zikusanye zote, na umbali wa f na g uwe tofauti yao iliyo kubwa kabisa. Nukta x ya X yenyewe inawakilishwa na funksheni d(x, ·), na jambo la kupendeza ni kwamba umbali kutoka f hadi d(x, ·) unatoka kuwa f(x) barabara. Kwenye nukta x yenyewe tofauti ni f(x) − 0, na kwenye nukta nyingine y masharti yanazuia f(y) − d(x, y) na d(x, y) − f(y) zisizidi f(x). Kwa hiyo nukta mpya zimekaa pale pale zilipoahidi kukaa.

Tatizo ni kwamba mkusanyiko wa funksheni zote za Katětov unaweza kuwa si tenganifu. Katětov alichukua zile tu zinazotegemea seti yenye kikomo, yaani zile ambazo kwazo ipo F yenye kikomo ili f(x) iwe ndogo kabisa kati ya nambari f(y) + d(x, y), y ikipita ndani ya F. Hizo zinatosha kutoa kila nukta tunayoihitaji, na mkusanyiko wao unabaki kuwa tenganifu. Rudia: X, kisha X1, kisha X2, bila kikomo, unganisha zote, halafu kamilisha. Kilichopatikana ni U, hata kama ulianza na X ipi.

Kila isometria φ ya X juu ya X inapanda hadi X1 kwa njia moja tu, kwa kuipeleka f kwenye funksheni ambayo thamani yake kwenye x ni f(φ⁻¹(x)), na kwa hiyo inapanda hadi X2, na hatimaye hadi U. Upandaji huo unahifadhi utungo wa isometria, kwa hiyo kundi lote la isometria za X linaingia ndani ya kundi la isometria za U, ambalo nitaliandika Iso(U). Ule uteuzi wa funksheni zinazotegemea seti yenye kikomo unafanya kazi ya pili hapa. Tukilipa kundi topolojia ya kukaribiana nukta kwa nukta, uingiaji huo ni endelevu, kwa kuwa isometria inayosogeza kidogo tu nukta za F inaisogeza kidogo tu funksheni inayoitegemea F. Kwenye mkusanyiko wa funksheni zote uendelevu huo kwa jumla hautunzwi. Wanafunzi wengi hukumbuka sababu ya kwanza na kuisahau hii ya pili, ilhali hii ndiyo yenye matunda makubwa zaidi.

Mwanafunzi_Chiromo aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu, na wewe pia dada. Mfano wa 0, 2t, t na 1 umenifungulia mlango nilioukosa kwenye vitabu. Nimehesabu na nimeridhika.

Kuna hatua moja ambayo bado inanisumbua. Muungano wa X, X1, X2 na kuendelea una sifa ya nukta mpya, hilo ni wazi, kwa sababu seti yenye kikomo imo ndani ya Xn fulani na nukta inayotakiwa inapatikana ndani ya inayofuata. Lakini muungano huo huenda si kamilifu, na tunapoukamilisha tunaingiza nukta mpya ambazo hatukuzipangia chochote. Ikiwa F ina nukta zilizoingia wakati wa kukamilisha, ninaweza kuzikaribia kwa nukta za muungano na kupata z yenye umbali ulio karibu na f, lakini swali linadai umbali ulio sawa na f kabisa. Je, sifa haipotei hapo?

Binti_wa_Pangani alijibu:

Wasiwasi wako una msingi, ndugu, kwa sababu hapo ndipo kwenye uzito wa theoremu, na wengi hupita kwa haraka. Sifa haipotei, lakini inabidi kufanya kazi.

Anza na nukta z1 ambayo umbali wake kutoka nukta za F unakosea f kwa kiasi kisichozidi kiasi fulani. Iite e kosa lililo kubwa kabisa, yaani tofauti kubwa kabisa kati ya d(z1, x) na f(x), x ikipita ndani ya F. Ukiikaribia tu f kwa mara ya pili, utapata z2 yenye kosa dogo zaidi, lakini z2 inaweza kuwa mbali sana na z1, na mfuatano hautakuwa wa Cauchy. Tayari umeona kwenye mfano wa mitaa kwamba nukta zenye umbali ule ule kutoka F zinaweza kuwa mbalimbali.

Dawa ni kuiingiza z1 ndani ya madai. Panua F kwa kuongeza z1, na upanue f kwa kuipa z1 thamani e. Lazima tuhakikishe kwamba funksheni iliyopanuliwa bado ni ya Katětov. Kwa kila x ya F, f(x) na d(z1, x) zinatofautiana kwa e au chini yake, kwa hiyo f(x) − e ≤ d(z1, x) ≤ f(x) + e. Linalobaki ni kwamba e haizidi d(z1, x) + f(x). Tuseme kosa e linapatikana kwenye nukta y ya F. Ikiwa e = d(z1, y) − f(y), basi e ≤ d(z1, x) + d(x, y) − f(y), na kwa kuwa d(x, y) ≤ f(x) + f(y), tumefika. Ikiwa e = f(y) − d(z1, y), basi f(y) ≤ f(x) + d(x, y), na d(x, y) − d(z1, y) haizidi d(z1, x), tumefika tena.

Sasa ikaribie funksheni hii iliyopanuliwa kwa kosa lisilozidi nusu ya e. Unapata z2 ambayo kosa lake kwa f halizidi e/2, na ambayo umbali wake kutoka z1 hauzidi e + e/2. Rudia, kosa likigawanywa kwa mbili kila hatua. Umbali baina ya nukta zinazofuatana unapungua kwa nusu kila mara, mfuatano ni wa Cauchy, ukamilifu unakupa nukta z inayofikiwa, na d(z, x) = f(x) bila kosa lolote.

Mwalimu_wa_Topolojia alijibu:

Marahaba, binti yangu, umeieleza vizuri kuliko ninavyoieleza mimi ubaoni. Nami nitalijibu lile swali la mpaka.

Zaidi ya seti zenye kikomo, uwezo wa U unafika kwenye seti kompakti: mwaka 1955 Huhunaišvili alithibitisha kwamba isometria baina ya seti kompakti mbili za U hupanuka hadi U nzima. Njia inafanana na hii uliyosoma sasa hivi, kwa kuwa seti kompakti inakaribiwa na seti zenye kikomo kwa usahihi wowote utakaoutaka.

Kwa seti zozote jibu ni hapana, na mfano wa kukanusha hauhitaji hesabu. Iongezee U nukta moja p kwa kutumia funksheni yoyote ya Katětov ambayo haifiki sifuri, kwa mfano ile iliyo sawa na d(a, x) + 1 kwa nukta fulani a. Nafasi iliyopatikana ni tenganifu, kwa hiyo, kwa ujumuishi, ina nakala ndani ya U. Nakala hiyo ina ndani yake nakala ya U, tuiite U′, ambayo haiijumuishi nukta iliyo nakala ya p. Basi kuna isometria kutoka U hadi U′, iliyo sehemu halisi ya U, nayo haiwezi kupanuka kuwa isometria inayofunika U nzima, kwa sababu tayari imeelezwa kwenye kila nukta na haikufunika. Mwaka 2007 Julien Melleray alionyesha kwamba ukompakti ndio mpaka wenyewe: hakuna sifa ya upanuzi wa namna hii iliyo na nguvu zaidi inayowezekana ndani ya U. Katika makala hiyo hiyo alithibitisha kwamba kila nafasi ya metriki iliyo kamilifu na tenganifu ni sawa, kwa isometria, na seti ya nukta zisizosogezwa na isometria fulani ya U. Hebu fikiria maana yake: hata maumbo ya seti zinazoachwa mahali pake yana utajiri wote wa tabaka zima.

Kuhusu Iso(U), matunda aliyoyadokeza binti yangu ni haya. Kundi la topolojia lenye msingi unaohesabika lina metriki isiyobadilishwa na kuzidisha kutoka kushoto. Hiyo ni theoremu ya Birkhoff na Kakutani ya 1936. Kwa hiyo kundi hilo linajisogeza lenyewe kwa isometria, likijiona kama nafasi ya metriki tenganifu. Weka nafasi hiyo mahali pa X katika ujenzi wa Katětov, na kundi lako limeingia ndani ya Iso(U) pamoja na topolojia yake. Vladimir Uspenskij alilitangaza hilo 1990: Iso(U) ni kundi jumuishi, linalobeba kila kundi la topolojia lenye msingi unaohesabika. Ujumuishi wa nafasi umezaa ujumuishi wa kundi, na hapo ndipo C[0, 1] isipoweza kuifuata U kwa njia hii, kwa kuwa isometria zake zimefungwa na muundo wa mstari. Mwaka 2002 Vladimir Pestov akaongeza kwamba kila tendo endelevu la Iso(U) juu ya nafasi kompakti isiyo tupu lina nukta isiyosogea.

Kwa kuwa unasoma topolojia, usikose pia matokeo mengine ya Uspenskij, ya 2004: kuna homeomofia baina ya U na nafasi ya Hilbert ℓ2. Ukisahau umbali na kubakiza seti wazi pekee, huwezi kuzitofautisha. Yote tuliyoyajadili hapa yanakaa kwenye umbali, si kwenye topolojia inayotokana nao.

Grafu_na_Nukta aliandika:

Naomba niongeze neno moja kwa muulizaji, kwa ajili ya mazoezi. Kabla ya kuhangaika na nambari halisi zote, ruhusu umbali wa 1 na wa 2 pekee. Kwa kuwa 2 haizidi 1 + 1, kanuni ya pembetatu haikatazi chochote, na kila funksheni kutoka F hadi 1 na 2 ni ya Katětov. Nafasi inayohesabika yenye sifa ya nukta mpya katika mazingira hayo si nyingine ila grafu maarufu ya Rado, ambamo vipeo viwili vimeunganishwa pale umbali wao ni 1. Erdős na Rényi walionyesha 1963 kwamba ukirusha sarafu kwa kila jozi ya vipeo vya seti inayohesabika isiyo na kikomo, utaipata grafu hiyo hiyo kwa uwezekano wa 1, na Richard Rado akatoa maelezo yake ya wazi 1964: vipeo ni nambari asilia, na m inaunganishwa na n iliyo kubwa kuliko yenyewe iwapo tarakimu iliyo kwenye nafasi ya m, tukihesabu kutoka kulia kuanzia sifuri, ni 1 pale n inapoandikwa kwa msingi wa mbili. Anatoly Vershik baadaye aliibeba fikra hiyo ya bahati nasibu hadi kwenye umbali wa nambari halisi, na kilichotokea ni U. Ukithibitisha kwa mkono wako kwamba grafu ya Rado ina sifa ya nukta mpya, kisha ukafanya hoja ya kupokezana zamu juu yake, utakuwa umeipitia njia yote ya upekee wa U isipokuwa hatua ya ukamilifu, ambayo Binti wa Pangani ameshakuandikia.